Sura ya Thelathini na Moja

Kyungu alikinunua kwa pauni moja
katika duka la mitumba, mtaa wa Hilltown, Dundee:
kitabu kinene kisicho na jalada la nyuma,
Kifaransa cha zamani, harufu ya nyumba iliyofungwa.
"Panga na farasi, kaka. Utapenda."

Mimi Kifaransa sikijui.
Basi jioni, baada ya zamu,
samaki wa kiwandani wangali vidoleni mwetu,
yeye alisoma, akageuza kwa Kingwana chake cha Kalemie,
nami nikanyoosha kwa Kiswahili changu cha Korogwe
juu ya risiti, bahasha za bili ya umeme,
chochote cheupe.

Tulikwama kwenye neno moja tu,
lile ambalo Kapteni Lormeau anasema atalifia.
Nikaandika *heshima*. Akakataa:
heshima unapewa na watu, hiki mtu anacho hata gizani.
*Fahari?* Sikioni mwake ilikuwa na pembe.
*Murua?* Akauliza kama ni jina la dada yangu.
Usiku ule tulikula ugali wa semolina,
hatukutafsiri kitu.

Kesho yake nikasema: *uungwana*.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Hao waungwana walipita kwetu.
Neno walikuja nalo mkono huu,
na mkono huu mnyororo."
Akanyamaza kidogo. "Liandike. Linafaa."

Nikaliandika, hata nikampa Lormeau ubeti,
pale anapoachiwa siku tatu kwa kiapo:

   Nimetoa neno langu, na neno halirejeshwi,
   lizame na jua langu, kiapo hakipitishwi,
   deni la shingo ni langu, mtu mwingine hatwishwi,
   naja kwa miguu yangu, muungwana hakumbushwi.

Kyungu aliusoma mara mbili, akaubandika juu ya sinki.

Saint-Avre, aliyekula naye chumvi,
anauza ufunguo wa lango kwa deni la karata.
Lormeau anaviziwa njiani. Jua halingoji.
Ndipo Colas, mtumishi, mpiga rangi viatu,
anavaa joho la bwana wake, anaivuta kofia,
anashuka ngazi kwenda kunyongwa.
Mwandishi kamgawia sentensi moja na nusu.
Saint-Avre anapokufa, amesamehewa,
mkono wake mkononi mwa rafiki,
anapata kurasa kumi na moja, na machozi.

"Na mama yake Colas?" akauliza Kyungu,
akipekua mbele, akipekua nyuma.
"Hakuna aliyemwandikia barua?"

Jumatano moja ya Machi
mlango wa chumba cha barafu ulilala wazi usiku kucha.
Kilo mia sita za samaki.
Bwana Ogilvie akatupanga mstari, akauliza nani.

Nilikuwa mimi.
Kyungu alijua. Alijua pia
kwamba karatasi zangu ziko wizarani,
kwamba doa moja tu lingetosha.
"Mimi," akasema,
kama mtu anayeitika jina lake darasani.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama.
Mimi hakuna aliyenivua.
Nilisimama wima ndani ya aproni nyeupe,
nikahesabu vigae.

Alipanda basi la Aberdeen na begi moja.
Hakuniuliza kitu, ndiyo maana silali.
Ubeti uko pale pale juu ya sinki,
mstari wa tatu umeloa mvuke, hausomeki,
na mimi naujua kwa moyo.

Karatasi zilitoka Juni.
Nikaazima kamusi maktaba,
nikaanza na sentensi ile moja na nusu,
neno kwa neno, kama mtoto.
Nimeiandika mara tisa.
Nilitafuta kama mwandishi alimpa Colas neno letu,
hata mara moja, hata kwa bahati mbaya.

Kuna ngazi.
Kuna mvua.
Kuna viatu visivyomtosha.